Umande wa Tumbaku: Kipimo cha Mama Jawad

Rihab yuko pale pale ulipomwacha Jumapili iliyopita, msomaji. Kifudifudi kati ya mistari miwili ya tumbaku, shavu kwenye udongo mwekundu, kikapu kimepinduka, majani mabichi yamemwagika mgongoni mwake.

Na miguu ya mama mkwe wake ingali imesimama mbele ya pua yake.

“Mwacheni hapo hapo,” Mama Jawad alikuwa amesema.

Wakamwacha.

“Ataamka,” aliongeza, akiupita ule mwili uliolala kama mtu anayepita jiwe la mpakani. “Jani likimlevya mtu, ardhi ndiyo daktari wake.”

“Labda amelala tu, mama,” alisema Insaf, wifi wa Rihab, bila kuacha kuchuma. “Huko kwao mjini Sur watu huamka jua likishachoma. Baba anauza halua, mtoto analala juu ya sinia.”

Wanawake wa mistari ya jirani wakacheka. Kicheko cha alfajiri, kikavu, cha watu wasio na muda.

Rihab alisikia kila neno. Hakuweza kujibu. Gauni lake lilikuwa limelowa umande kutoka kifuani hadi magotini, na umande wa tumbaku si maji ya kunawia. Unabeba ukali wa jani na kuupenyeza kwenye ngozi. Watoto wa kijiji hiki cha Kafar Sumra huugua umande huo wakiwa wadogo, wakatapika, wakazoea. Rihab aliletwa hapa akiwa bibi harusi. Mwili wake haujazoea mpaka leo.

Ndipo aliposikia hatua za mwanamume zikija mbio kati ya mistari.

Jawad! Mumewe!

Alijitahidi kuinua kichwa. Aliona viatu vyake, vimejaa tope. Aliona magoti yakipiga chini. Aliona mikono, ile mikono iliyokuwa ikichukua halua kwenye duka la baba wa Rihab na kusahau kuondoka. Mikono ikanyooka.

Ikaokota kikapu.

Jawad alikusanya majani upesi upesi, jani juu ya jani, kwa sababu jua lilikuwa linachomoza na jani lililoachwa chini hunyauka. Alipokwisha yaliyo chini alikusanya na yaliyokuwa mgongoni kwa mkewe. Kisha akasimama.

“Inuka, Rihab,” alisema kwa sauti ya chini. “Watu wanatazama.”

“Jawad, safari hii labda...”

“Usiseme.” Aligeuza uso. “Usithubutu kulisema neno hilo.”

Naye Rihab akalimeza, pamoja na uchungu uliokuwa kooni.

*

Kwa nini neno hilo lilikuwa marufuku? Kama ndiyo kwanza unaungana nasi, sikiliza haraka.

Msimu wake wa kwanza wa kuvuna, Rihab alitapika asubuhi tatu mfululizo. Nyumba ilishangilia. Jawad alichinja kondoo, akagawa nyama hadi kwa watu asiowasalimu, akapiga bunduki hewani kwenye paa. Mvua za kwanza ziliponyesha, tumbo la Rihab lilikuwa bapa kama sinia la baba yake. Hapakuwa na mimba. Lilikuwa jani.

Kijiji kilicheka majira yote ya baridi. Wakampa Jawad jina, na mpaka leo akipita mbele ya mkahawa utamsikia mmoja akimwita kutoka ndani ya moshi: “Karibu, Baba Jani!”

Tangu siku hiyo, Jawad hakumwangalia mkewe kwa macho yale ya dukani.

Sasa Mama Jawad alikuwa ameshatamka, na mwanawe hakupinga: tumbaku ya msimu huu ikitundikwa yote kukauka na Rihab hana kitu tumboni, Rihab atarudi Sur kwa baba yake. Ghusun, binti wa Haji Mufid, ataingia badala yake. Na Ghusun haji mikono mitupu. Haji Mufid hana mtoto wa kiume, ila ana kibali cha serikali cha kupanda tumbaku, na bila kibali hapa kwetu hata mche mmoja ni kosa. Kibali hicho kitamfuata binti yake mlangoni kwa mumewe, kiungane na kile cha Mama Jawad.

Ndiyo maana Mama Jawad alikuwa akimwombea Rihab tumbo tupu kama wengine wanavyomwombea mgonjwa afya.

*

Jua lilipokausha mashamba, wanawake walihamia chini ya kivuli cha mzabibu kutunga majani. Kila mmoja na sindano yake ndefu bapa, majani yakipita moja moja hadi sindano ijae, kisha yanasukumwa kwenye uzi. Vidole vyeusi kwa utomvu. Hapo ndipo habari zote za kijiji hutungwa pia.

Rihab alikaa ukingoni, uso mweupe kama jibini.

“Mtazameni,” alisema Mama Tahsin, jirani mnene, mwepesi wa kucheka. “Mkamwana wako, Mama Jawad, ukimkamua hutapata hata tone la damu.”

“Kila mkamwana mvivu huumwa tumbo wakati wa mavuno,” alijibu Mama Jawad. “Anajua mwenye mimba haingii shambani kwetu, anakaa kivulini kutunga. Basi umande ukianza tu, wote wana mimba!”

“Na wakati wa harusi wote wazima!” alidakia Insaf.

Wakacheka hadi majani yakatikisika mapajani.

Mama Jawad aliweka sindano chini. Alitoa kifurushi cha tumbaku iliyokatwa, ile yao wenyewe ya mwaka jana, akasokota sigara nene kwa vidole viwili, akalamba karatasi, akaiwasha. Alivuta mara moja kuhakikisha inawaka vizuri. Kisha akamnyooshea Rihab.

“Shika.”

“Mama, mimi sivuti.”

“Ndiyo maana unaanguka. Asiyevuta ndiye anayelevywa. Sisi wote hapa tunavuta. Nani umemwona kalala na udongo mdomoni? Vuta, mwili uzoee. Ni dawa.”

“Dawa kweli,” alisema Mama Tahsin. “Mimi alinipa mama mkwe wangu nikiwa na miaka kumi na minne. Nilitapika mpaka jina langu. Leo nikikosa sigara ndio naumwa.”

“Kule Beirut wanavuta wamekunja miguu,” alisema mwingine. “Sisi tunatapika ili wao wakunje miguu.”

Rihab aliipokea. Alivuta kidogo, akakohoa.

“Hiyo umeibusu,” alisema Mama Jawad. “Vuta!”

Akavuta. Moshi ulishuka kama kaa la moto. Macho yakajaa machozi, kivuli kikazunguka, nyuso zikazunguka pamoja na meno yao.

“Tena.”

“Mama, tafadhali...”

“Tena, binti wa muuza halua. Tumbaku si halua, haitafunwi kwa raha.”

Alivuta tena. Kisha akatupa sigara, akatambaa hadi nyuma ya ukuta wa mawe, na wote wakamsikia.

Walikuwa bado wanacheka wakati Hajati Mahiba aliposimamisha sindano yake.

Hajati Mahiba alikuwa mkunga. Nusu ya waliokaa pale walizaliwa mikononi mwake, na nusu nyingine walizalishwa naye. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alingoja Rihab arudi, apanguse mdomo kwa ncha ya mtandio, aketi.

“Njoo hapa, mwanangu.”

Rihab akasogea.

“Umetapika leo. Jana?”

“Na jana, Hajati.”

“Juzi je?”

Rihab alifikiri. “Na juzi.”

“Juzi ulichuma nini?”

Swali jepesi. Lakini chini ya mzabibu, sindano moja baada ya nyingine ilianza kupungua mwendo.

“Juzi hatukuchuma,” alisema Rihab polepole. “Ulivuma upepo wa jangwani. Hapakuwa na umande. Tulibaki nyumbani. Nilitapika nikikanda unga.”

Kila mwanamke pale alijua alichokisikia. Jani kavu halimlevyi mtu. Na mtu hawezi kulewa jani ambalo hakuligusa.

Rihab mwenyewe alikuwa wa mwisho kuelewa. Ilimjia taratibu, kutoka miguuni, kama maji ya moto. Mkono wake ulikwenda tumboni wenyewe. Alimtazama mkunga kwa macho ya mtoto anayengoja sikukuu itangazwe.

“Hajati... ni...?”

Mkunga alikuwa ameanza kutabasamu.

“Hajati Mahiba,” alisema Mama Jawad. Sauti yake ilikuwa tamu, na hiyo ndiyo iliyowashtua. “Kabla hujasema. Mwanao hajambo?”

“Hajambo, alhamdulillahi.”

“Tumbaku yake imeshika vizuri kule bondeni?”

“Imeshika.”

“Mungu aibariki. Anapanda chini ya kibali cha nani vile? Nasahau siku hizi.”

Tabasamu la mkunga lilizimika.

“Chako, Mama Jawad.”

“Ah. Changu.” Mama Jawad aliokota sindano, akachoma jani katikati ya mshipa wake. “Basi ulikuwa unasema nini kuhusu mkamwana wangu? Tunakusikiliza.”

Hajati Mahiba aliinamisha kichwa. Alitazama vidole vyake vyeusi.

“Jani likishaingia mwilini,” alisema, “hukaa. Huweza kurudi hata siku kavu.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo ni jani.”

“Sema kwa sauti, Hajati. Mama Tahsin amezidi uziwi.”

“Ni jani!” alisema mkunga. Akafunga vifaa vyake, akaondoka, na hakuaga.

Mkono wa Rihab ulikuwa bado tumboni. Aliushusha kidole kimoja kimoja.

Hakuna aliyecheka safari hii. Lakini hakuna aliyesema pia. Nani kati yao hakuwa na mume, au kaka, au shamba, kwenye kibali cha mwanamke yule?

Mama Jawad alijipangusa mapaja, akavaa mtandio wake mzuri, ule wa kuhani misiba.

“Tungeni,” alisema. “Nina safari fupi.”

Na akashika njia ya mtaa wa juu.

*

Rihab alikuwa kisimani, akisugua utomvu mikononi kwa nyanya mbichi, wakati Insaf alipokuja na ndoo yake. Alijiandaa kwa tusi.

Insaf aliteremsha kamba. Alivuta maji. Alisema bila kumtazama:

“Siku zako umeziona lini?”

Rihab aliona haya hadi masikioni. “Sikumbuki vizuri. Kabla ya kuanza kuchuma. Lakini zangu huja zinavyotaka, wifi.”

“Kifua kinauma?”

“Kinauma.”

“Harufu ya mkate?”

“Siivumilii.” Rihab alimgeukia. “Wifi, usinichezee. Leo siwezi.”

Insaf aliiweka ndoo ukingoni, na kwa mara ya kwanza tangu Rihab aingie nyumba ile, alimtazama usoni.

“Una mimba, mjinga wewe. Hajati anajua. Na mama alijua hata kabla ya Hajati kufungua mdomo. Niliona alivyomkatiza.”

Rihab alishika ukuta wa kisima.

“Anajua? Na akanipa ile sigara?”

“Sigara alikupa kabla. Ila alfajiri atakurudisha shambani, na hapo atakuwa anajua.” Insaf alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. “Unafikiri mimi kwa nini niko hapa, sipo kwa mume wangu? Nilikuja kuwasaidia kuchuma mwaka ule. Nikawa natapika. Mama akasema ni jani, Insaf, umelisahau jani huko ulikoolewa, utalizoea tena. Nikamwamini, ni mama yangu. Nikachuma kwenye umande mpaka siku moja nilikaa chini kwenye mstari, na nilipoinuka nilikuwa peke yangu.”

“Wifi...”

“Usinililie. Mume wangu alinililia, kisha akanipa talaka. Mama yeye alikosea tu wakati ule, hakujua. Ndiyo ninavyojiambia nikila mkate wake.” Alifuta uso kwa kiwiko, haraka, kama anayefukuza nzi. “Lakini leo anajua. Sikiliza. Unajua amekwenda wapi?”

“Mtaa wa juu.”

“Kwa Haji Mufid. Hangoji tena mavuno. Anataka Fatiha ya posa ya Jawad na Ghusun isomwe leo hii, kabla tumbo lako halijaonekana. Ikishasomwa na watu wakasema amin, Jawad hawezi kurudi nyuma bila kumwaibisha mzee na ukoo wake mzima. Hapo hata ukizaa mapacha utazaa Sur.”

Kutoka upande wa nyumbani walisikia mlango wa sebule ya wageni ukifunguliwa. Sauti za wanaume. Karibuni, karibuni. Harufu ya sigara na kahawa.

“Mungu wangu,” alisema Rihab. “Wamekwishafika.”

Alikimbia. Aliacha ndoo, viatu, na haya zake zote pale kisimani.

*

Usisahau, msomaji, huyu ni msichana ambaye hakuwahi kusema neno mbele ya wanaume zaidi ya “karibuni” na “kwaherini”. Alisimama mlangoni mwa sebule, miguu mitupu, mikono ikichuruzika maji ya nyanya.

Ndani walikuwa wamekaa Haji Mufid mwenye tasbihi yake, Jawad aliyevaa shati safi, na wazee wawili wa mtaa walioitwa kushuhudia. Viganja vyote vilikuwa wazi mbele ya nyuso. Midomo ilikuwa inatembea.

“...wala waliopotea,” alimaliza Haji Mufid, na kila mmoja akavuta pumzi ya kusema neno la mwisho.

“Msiseme amin!” alipiga kelele Rihab.

Viganja viliganda hewani.

“Rihab!” Jawad alisimama. “Umepatwa na wazimu?”

“Nina mimba, Jawad.”

Alilisema neno lile. Lilisimama katikati ya chumba, na kwa muda mfupi, mfupi sana, uso wa Jawad ulifunguka. Nilikuwa nimekuahidi kukusimulia ukatili tu wiki hii, lakini hili nalo lilitokea: kwa kupepesa jicho, alikuwa yule kijana wa dukani.

Kisha mzee mmoja akakoroma kwa kicheko ndani ya ndevu zake.

“Lo! Baba Jani karudi!”

Mwenzake naye akashindwa kujizuia. Uso wa Jawad ukafunga, ukawa mwekundu.

“Nazha,” Haji Mufid alimwambia Mama Jawad, akishusha viganja. “Hukunieleza hili.”

Mama Jawad alikuwa amekaa karibu na dirisha, mtulivu kama aliyekuwa akilitarajia.

“La kueleza liko wapi, Haji? Ni jani. Hajati Mahiba amemtazama leo leo, mbele ya wanawake wote, akatamka mwenyewe. Tuma mtu akamuulize.”

“Alidanganya!” alisema Rihab. “Mama alimtishia na kibali cha mwanawe!”

“Mnaona? Sasa mkunga mwongo, mimi mwongo, mzabibu mwongo. Jani limempanda kichwani, maskini.”

Haji Mufid alihesabu tasbihi yake. Hakuwa mtu mbaya, Haji Mufid. Alikuwa mtu anayeogopa kuchekwa, na hao huumiza zaidi.

“Mimi simwingizi binti yangu kwenye nyumba yenye mtoto njiani,” alisema. “Kibali changu hakiendi kulisha mjukuu wa muuza halua. Kama huyu ana mimba, naondoka sasa hivi na hatujasoma kitu. Kama hana, na ametukatiza Fatiha kwa uongo, basi aondoke yeye, leo leo, kwa talaka. Lakini nataka kujua.”

“Ni rahisi kujua,” Rihab alisema. “Nipumzisheni. Siku chache tu nisiguse jani. Mkiona bado natapika, si jani.”

Hata wale wazee waliitikia kwa vichwa. Lilikuwa neno la akili.

Mama Jawad alipiga makofi mawili polepole.

“Kumbe ndicho kipimo! Kulala! Nimezeeka nikiwaona wakamwana, na wote wanataka kipimo hicho hicho. Na akilala huko chumbani na kidole chake kooni, nani atamchungulia? Wewe, Haji?”

Wazee wakacheka tena. Haji Mufid akatabasamu kidogo.

“Basi lete chako, Nazha.”

“Chetu. Mnakijua wote, tumekulia humo.” Alijiinua, akasimama katikati ya wanaume kana kwamba yeye ndiye shehe. “Jani huzoeleka. Mimi nililizoea, mama yako alilizoea, Ghusun alilizoea hajaota meno. Mimba haizoeleki. Basi mkamwana wangu aingie shambani kila alfajiri, mstari wa mbele, pale penye umande mwingi. Na jioni avute sigara, mwili ujifunze. Mpaka mavuno yaishe. Akizoea akaacha kutapika, lilikuwa jani, na binti yako ataingia hapa kwa heshima zake. Asipozoea, ni mtoto, na mimi mwenyewe nitambeba Rihab mabegani nikimzungusha kijiji kizima nikipiga vigelegele. Kuna haki kuliko hiyo?”

Haji Mufid alitazama wazee. Wazee walitazama sakafu, kisha wakaitikia kwa vichwa.

“Hiyo ni haki,” alisema Haji Mufid. “Nitangoja.”

Rihab aliwaangalia mmoja mmoja. Kweli hawakuona? Watu hawa waliozaliwa ndani ya tumbaku, wanaojua jani gani limeiva kwa kulinusa, hawakuona kipimo hiki kinapima nini?

“Na nikimpoteza?” aliuliza. “Kwenye umande huo, kila siku... nikimpoteza mtoto?”

Mama Jawad alimgeukia. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

“Ukimpoteza, tutajuaje kwamba alikuwepo?”

Nyuma ya Rihab, vikombe viligongana. Insaf alikuwa ameingia na sinia la kahawa. Alikuwa amesimama kizingitini, na kwa jinsi alivyolishika sinia, alikuwa amesikia yote.

Rihab alimkimbilia, akamshika mkono.

“Wifi! Waambie. Waambie uliyoniambia kisimani. Waambie umande ulikufanya nini!”

Haji Mufid aliinua macho. “Umande ulimfanya nini?”

Chumba kizima kilimgeukia Insaf. Midomo yake ilifunguka. Msomaji, naapa ilifunguka.

Mama Jawad hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa anapanga mito nyuma ya mgongo wa mgeni.

“Insaf, mwanangu,” alisema, “nyumba hii ndiyo uliyobaki nayo. Wahudumie wageni wake.”

Insaf alitazama mkono wa Rihab uliomshika. Aliutoa taratibu, bila nguvu. Akapita. Akapiga goti mbele ya Haji Mufid na kumpa kikombe, kahawa haikumwagika hata tone.

“Sijui anasema nini, Haji,” alisema. “Jani humfanya mtu aone mengi.”

Sasa alibaki mtu mmoja.

“Jawad,” alisema Rihab.

Hakumwomba. Alimwita jina tu, kama alivyokuwa akimwita dukani, baba yake akiwa amegeukia mizani.

Jawad alikuja hadi mlangoni. Alisimama karibu naye, karibu kiasi kwamba alisikia pumzi yake. Alimtazama usoni, akamtazama tumboni. Nyuma yake, mzee mmoja alikuwa bado anatabasamu ndani ya ndevu, akingoja kusikia Baba Jani atasema nini.

Jawad alimfungia mkewe kifungo cha juu cha gauni, kilichokuwa kimefunguka kwa kukimbia.

“Nenda ulale mapema,” alisema. “Kesho alfajiri nitakuamsha mimi mwenyewe.”